Nilitaka Kung'olewa Figo Ili Mke Wangu Asijue

Siku nilipokojoa rangi nyekundu ya karkade, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua bomba la maji ili mke wangu asisikie ninavyomwita Mungu.

Cha pili, nikailaumu juisi ya bitiruti.

Cha tatu, nikasafisha choo. Mimi! Mwanamume ambaye tangu aoe hajui hata sabuni ya choo inawekwa wapi.

Naitwa Hamood. Nina duka la vitambaa vya kanzu hapa Hamriya, Maskati, na kama umewahi kupita mtaa wetu basi umeisikia sauti yangu kabla ya kuniona. Mpira naongea. Siasa naongea. Samaki akipanda bei naongea mpaka mwenye samaki anakimbia.

Lakini maradhi? Hapo mimi bubu.

Na si mimi peke yangu. Ukoo wetu wenye asili ya Unguja, mtu akiumwa inakuwa siri ya serikali. Tunaogopa jicho la hasidi. Kwetu hakuna mgonjwa. Kuna "amechoka kidogo", kuna "hajisikii vizuri", halafu kuna mazishi.

Basi, damu ile ilitoka mara moja ikakata. Haikuuma hata chembe. Nikajipa udaktari palepale: haya ni mawe. Kwa joto la Oman nusu ya wanaume ninaowajua wana mawe ya figo, kwa nini mimi nikose?

Nikaanza kunywa maji ya shayiri. Nikanunua na dawa ya majani kwa muuza miti shamba mmoja, chungu balaa, nikawa naificha dukani nyuma ya robota la kitambaa cheupe.

Damu ikarudi. Nikaongeza dawa.

Mara ya tatu ilinikuta kwenye choo cha msikiti, na safari hii ilikuja na mabonge. Nikatoka nduki. Kanzu mkononi, kofia sijui iliangukia wapi, mguu mmoja ndala yangu na mwingine ndala ya mtu. Hospitali.

Wakanipima mkojo, wakanipima damu, wakaniingiza kwenye ile mashine ya kupiga picha za ndani. Halafu nikaitwa kwa daktari.

Nilitegemea mzee mwenye ndevu nyeupe. Nikamkuta binti, Daktari Balqees, amempita binti yangu miaka michache tu. Kwao walitokea Bujumbura, na aliposikia Kiarabu changu tu, akageuza kwenda Kiswahili.

"Ami Hamood, hayo si mawe."

"Basi nini, mwanangu?"

"Kuna uvimbe mdogo ndani ya figo ya kushoto, pale mkojo unapokusanyika kabla ya kuteremka. Inawezekana sana ikawa saratani."

Nikageuka nyuma kuangalia kama kuna Ami Hamood mwingine. Hakuna. Mlango na kalenda tu.

Akaniambia kwa upole kwamba kujua ipo au haipo hakutoshi, lazima ajue ni ya namna gani. Kuna iliyo pole, ndogo, imekaa peke yake, haijaota mizizi. Na kuna kali, yenye papara ya kusambaa. Atanilaza usingizi, apitishe kamera nyembamba kule mkojo unakotokea, ipande mpaka kwenye figo, akate sampuli.

Nilisikia "apitishe kamera kule" na sikusikia kitu kingine kwa muda.

"Ami, unavuta sigara?"

"Kidogo."

Akaviangalia vidole vyangu vya manjano. "Kidogo kiasi gani?"

"Inategemea na mpira unavyokwenda."

Hakucheka. Akaniambia sigara ni miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani hii. Nikaona bora nimwambie na ile dawa ya majani, na hapo ndipo alipokunja uso kabisa.

"Iache leo hii. Kuna majani mengine yanaua figo na yanaleta saratani sehemu hiihii. Na wewe hujui umeuziwa nini."

Halafu akauliza lile swali.

"Kwenu kuna mtu aliyewahi kupata saratani? Mama, baba, ndugu?"

"Hakuna!" Nilijibu kwa fahari, kifua mbele. "Sisi kwetu watu wanakufa kwa ahadi ya Mungu tu."

"Wote tunakufa kwa ahadi ya Mungu, ami. Mimi nauliza kabla ya hapo. Mama alifariki kwa nini?"

"Mama alipigwa jicho. Kwenye harusi."

Akaniangalia kitambo, akaandika kitu. Sijui aliandika nini, lakini sidhani kama lilikuwa jicho.

Nikaona nimalize mambo kiume. "Daktari, usijisumbue na kamera. Ing'oe."

"Niing'oe nini?"

"Figo. Si ninazo mbili? Ing'oe tumalizane."

Akaweka kalamu chini. Akanikumbusha kwamba nina kisukari, na vipimo vinaonyesha figo zote mbili zimeshaanza kuchoka. Akiing'oa moja, iliyobaki inaweza isimudu kazi, nikaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Saratani ikiwa kali hana la kufanya, ataiondoa figo pamoja na mrija wake wote mpaka kwenye kibofu, na pengine na dawa kali za kutiwa kwenye mishipa juu yake. Lakini ikiwa ya pole, ataiunguza kwa leza na figo yangu itabaki.

"Ila ya pole ina sharti lake. Inapenda kurudi. Utakuwa unakuja kuangaliwa kwa kamera na kwa picha."

"Mpaka lini?"

"Miaka, ami."

Sasa nikwambie kilichopita kichwani mwangu, na ukicheka cheka tu, nastahili.

Nilipiga mahesabu ya uongo. Kung'olewa figo ni uongo mmoja. Nitasema nimepasuliwa ngiri, nitalala wiki, basi. Lakini leza? Kila baada ya miezi nitoke nyumbani na sababu mpya, kwa miaka! Mimi sina akili ya kutunga uongo wa miaka.

Nikamwambia daktari atakachokikuta humo ndani akikute, mimi nimeshaamua, ing'olewe. Akasema, "Tuone kwanza."

Huko nyumbani kisingizio changu kilikuwa gari. Kila nilipokwenda hospitali niliaga kuwa nalipeleka gereji Wadi Kabir. Mara giaboksi, mara rejeta, mara mlio ambao fundi hauelewi.

Zakiya, mke wangu, siku moja akanitazama nikijipulizia manukato.

"Baba Atheer, unakwenda gereji na udi?"

"Fundi ana pua nyepesi."

"Na fulana mpya?"

"Ya zamani ina tundu."

"Hilo gari si ulinunulie nyumba hukohuko Wadi Kabir likae?"

Nikaondoka nikijua kabisa anadhani nimeoa mke wa pili. Na Mungu anisamehe, nikaona afadhali adhani hivyo.

Siku ya kamera ikafika. Wanakuvua kila kitu, wanakuvisha gauni lililo wazi nyuma, na hapo heshima ya mwenye duka yote inabaki kwenye kikapu na viatu. Nesi, mama mmoja mtu mzima kutoka Kerala anayezungumza Kiarabu safi, akaniuliza nani atanirudisha nyumbani. Mtu akilazwa usingizi haruhusiwi kuondoka peke yake.

"Ndugu yangu," nikasema. "Anaegesha gari."

Hakukuwa na ndugu. Nilikuwa nimepatana na dereva wa teksi aje adhuhuri ajifanye ndugu yangu. Mbaluchi, hatufanani hata ukucha.

Nesi akaenda kwa mgonjwa wa upande wa pili wa pazia. Nikasikia anamuuliza swali lilelile.

"Ndugu yangu," ikajibu sauti. "Anaegesha gari."

Ile sauti ndiyo iliyonifundisha kusoma Juzuu Amma.

Nikalivuta pazia.

Kakangu Sleyum. Kaka yangu mkubwa, mtu wa heshima zake, anayefanya kazi idara ya serikali kule Maskati ya ndani, mtu ambaye hata sokoni haendi bila kilemba. Amekaa kitandani na gauni kama langu, miguu myembamba inaning'inia.

"Kaka Sleyum?"

"Hamood?"

"Si uko Salalah, unakula baridi ya kharif?"

"Si uko gereji Wadi Kabir?"

Kila mmoja akalishika gauni lake kwa nyuma.

Nesi akafurahi. "Aa, kumbe huyu ndiye ndugu yako!"

"Ndiye," tukasema wote kwa pamoja, na kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

"Nyote wawili mnalazwa usingizi. Nani atamrudisha nani?"

Akasema atapiga simu nyumbani mwenyewe, akaondoka anatikisa kichwa.

"Unaumwa nini, kaka?" nikamuuliza.

"Sijambo. Wananitazama tumbo tu."

"Kaka, hebu nitazame. Mimi nna saratani. Ya figo."

Ndiyo mara ya kwanza nililitamka lile neno kwa mtu wa kwetu. Sleyum akainama, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia, kakangu, ambaye kwenye mazishi ya baba hakutoa chozi.

"Na mimi nliipata," akasema. "Ya utumbo. Miaka mitatu hii. Wallahi n'shapona, leo wanaangalia tu kama haijarudi."

"Miaka mitatu? Si ndio ulipokwenda Uturuki?"

"Uturuki gani, yakhe? Nlilala jengo hilihili, ghorofa ya juu."

Jamani. Aliporudi kutoka hiyo Uturuki yake alikuwa amekonda, na mimi nilimsifu. Nilimfuata mpaka kwake nikamwomba anieleze anakula nini, maana na mimi nataka kukata tumbo. Akaniambia anakula saladi. Nikala saladi miezi!

Nikapandwa na hasira, nikataka kumfokea, na papo hapo nikakumbuka mimi nimevaa nini na niko wapi.

"Na mama?" nikauliza taratibu. "Mama alipigwa jicho kweli?"

Sleyum akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mama alikuwa na saratani ya kizazi. Baba alinambia mimi peke yangu, akan'apisha. Wewe ulikuwa mdogo. Hamood, usimwambie mtu."

Daktari Balqees akaingia, kofia ya upasuaji kichwani. "Tayari, ami?"

Nikamtazama Sleyum. Alikuwa ananikodolea macho na kutikisa kichwa, hapana, hapana. Na mimi, ukweli niuseme, niliogopa. Nilimwogopa kaka kuliko ile kamera.

"Mwanangu," nikasema, "uliniuliza kuhusu watu wa kwetu. Nilikujibu uongo. Sikujua kama ni uongo, lakini ni uongo."

Sleyum akajifunika shuka gubigubi. Daktari akangoja. Na chini ya shuka ikatoka sauti ndogo.

"Mimi nlikuwa na arubaini na nane. Utumbo. Mama alikuwa na arubaini na sita. Kizazi."

Daktari akavuta kiti, akakaa katikati yetu. Akauliza maswali, na shuka likajibu moja baada ya jingine. Mwisho akasema kizazi, utumbo na njia ya mkojo kwenye familia moja, katika umri mdogo hivyo, havielekei kuwa bahati mbaya tu. Kuna kasoro inayorithiwa inayofanya hivyo. Sampuli yangu ataipima na hilo.

"Na kama ndivyo," akaniambia, "hiyo figo ya pili unayojivunia nayo imo hatarini maisha yako yote. Ningekung'olea hii leo bila sababu, siku ile ya pili ikiugua tungeokoa nini?"

Wakanisukuma ndani.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza kukiona ni Zakiya, amekaa kando ya kitanda na gilasi ya chai ya karak. Upande wa pili wa pazia, Sayyida, mke wa Sleyum, anamkunia mumewe kichwa.

Dawa ya usingizi bado imenilevya, lakini uongo hauhitaji akili timamu. "Gari," nikaanza, "gari limeniharibikia karibu na hapa..."

"Nyamaza, Baba Atheer."

"Mmefikaje haraka hivi?"

"Tulikuwa mkahawa wa chini tangu asubuhi."

Na hapo ndipo nilipofahamishwa mimi ni bingwa wa siri wa aina gani. Nilipofungua faili hospitali waliniomba namba ya simu. Namba yangu mpya siikumbuki hata leo, kwa hiyo nikawapa ile ninayoikumbuka. Ya Zakiya.

Kila miadi, ujumbe ulikwenda kwake. Kitengo cha mkojo, ujumbe. Picha ya figo, ujumbe. Usile kitu kuanzia saa sita usiku, ujumbe. Asubuhi ile aliponiambia gesi imekwisha hakuna chai, nilimshukuru Mungu kwa bahati yangu. Gesi ilikuwa imejaa pomoni!

"Kwa nini hukuniambia kama unajua?"

"Ungekataa. Halafu ungehamia hospitali nyengine, nisijue tena uko wapi. Nlikuwa sina wa kumwambia, nikamwambia Sayyida."

"Na Sayyida akakwambia ya Sleyum?"

"Hata neno. Alikauka tu palepale. Kisha akaniuliza, miadi yake lini?"

Nikamgeukia Sayyida. Kule kitandani kwake Sleyum naye alikuwa ameinua kichwa.

"Shemegi," Sayyida akasema bila haraka, "mimi n'liapishwa kwa msahafu nisimwambie mtu maradhi ya mume wangu. Sikumwambia mtu, na hata hapa alinikataza kumsindikiza, watu wasituone. Nilipiga simu hospitali tu, nikahamisha siku yake."

"Sayyida!" Sleyum akasema.

"Sikuapishwa nisihamishe miadi."

Wanaume wawili wazima, tuliojiona vichwa vya nyumba, tulikuwa tumepangwa kitanda na kitanda na wake zetu. Sikujua nicheke au nijifunike shuka kama kaka.

Majibu yalipotoka nilikwenda na Zakiya. Hakukuwa na namna ya kumwacha, ujumbe ulifika kwake.

Daktari Balqees alikuwa na uso mwepesi. Uvimbe ni mmoja, mdogo, chembe zake za pole, mkojo hauna chembe mbaya, na picha haionyeshi kwamba umeota ndani. Hatari ndogo. Leza inatosha. Ila ile kasoro ya kurithi ipo, kwa hiyo nitaangaliwa kwa ukaribu kuliko wengine, figo zote mbili, kibofu na utumbo pia.

"Kwa hiyo, ami, bado unataka niing'oe?"

"Kung'oa nini?" akauliza Zakiya.

Ujumbe wa simu ulikuwa haujamwambia hilo.

Ikabidi niseme. Nikasema nikiangalia kalenda ukutani: nilitaka ing'olewe ili mambo yaishe mara moja, ili nisiwe nakwenda na kurudi, ili yeye asijue.

Nilingoja kejeli. Miaka yote naijua kejeli yake. Haikuja. Machozi yalimtoka tu, akayaacha yashuke.

"Ulikuwa tayari kukatwa mwili wako," akasema, "kuliko kunambia mimi."

Nikaona aibu ambayo hata lile gauni la wazi nyuma halikunipa. Nilimshika mkono mbele ya daktari, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mtu.

Leza ikafanywa. Nikarudishwa kuangaliwa, pasafi. Baadaye kidogo kidoa kimoja kikaota tena, kikaunguzwa. Sigara nimeacha, na mpira siku hizi nautazama nikitafuna karafuu. Figo ninazo zote mbili.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike hapa.

Daktari alisema na watoto wapimwe. Mimi na Sleyum tuliwakusanya sebuleni, tukakohoa, tukasafisha koo, tukazunguka, mpaka Sayyida akachoka akawaambia yeye. Binti yangu Atheer, ana miaka ishirini na saba, akaenda kupima wiki ileile. Ile kasoro anayo.

Nililia siku hiyo kuliko nilivyolia kwa ajili yangu. Nimempa mwanangu duka, nimempa jina, na kasoro hiyo pia nimempa.

Wakampitishia kamera ya utumbo. Wakakuta kinyama kimoja, bado hakijawa kitu. Wakakikata hapohapo, akarudi nyumbani mchana akaomba biriani.

"Baba," akaniambia na mdomo umejaa, "daktari kasema hiki kingekaa tu kimya ndani miaka mpaka kigeuke. Kama kilichomuua bibi."

"Jicho," nikamtania.

"Jicho la kamera, baba."

Haya, wapendwa. Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata haiumi, nenda hospitali, achana na bitiruti. Lakini kabla hujaenda, mpigie simu mkubwa wenu kule nyumbani umuulize bibi alikufa kwa nini, na asikujibu kwamba ni kwa ahadi ya Mungu. Mama yangu alikufa na jibu ambalo Sleyum alilihitaji, nikalihitaji mimi, na kidogo tu Atheer angelikosa.